Hodi Kutoka Chumbani

Majirani walijaa sebuleni kumchangia Mwanakombo, aliyekuwa akimuuguza mama yake mwenye maradhi ya kusahau. Walimsifu kwa uvumilivu wake, na kila sifa ilimchoma, maana kabla hawajafika alikuwa amemfungia mama chumbani asije akamwaibisha.

Mara mlango wa chumbani ukagongwa. "Hodi! Wenyewe mpo?"

Watu wakaugeukia mlango. Mwanakombo akatoa ufunguo, akaenda kufungua.

"Karibu, mama."

"Ahsante, mwanangu, lakini sikai," mama akajibu, huku akiwasalimia wageni kwa furaha. "Nimemwacha binti yangu nyumbani, naye akiwa peke yake hulia."

Bi Saumu, jirani yao, akasogea mkekani akampisha mama aketi. Mwanakombo akabaki amesimama mlangoni, ufunguo mkononi, wote wakimtazama.