Alama Tisini na Mbili

Kila Ijumaa kishikwambi cha shule humuuliza kila mwanafunzi maswali kumi kuhusu nyumbani kwao, kisha huwapa wazazi wake alama. Mzazi anayepata chini ya hamsini mara tatu mfululizo huitwa shuleni kufundishwa malezi upya.

Mwalimu Skolastika Komba wa Songea ndiye aliyekuwa akiandika barua za kuwaita. Mwenyewe alikuwa ameshapata arobaini na nne, halafu arobaini na moja. Kila jioni aliwajibu wanafunzi wake kwenye tovuti ya masomo, na binti yake Imelda, wa miaka minane, alikula peke yake.

Ijumaa ya tatu alifungua matokeo. Tisini na mbili! Chini yake Imelda alikuwa ameandika: “Mama hunisomea hadithi kila siku.”

Skolastika hakuwa amemsomea hata ukurasa mmoja tangu mwaka uanze. Alimfuata jikoni, akamkuta anajipakulia wali.

“Mwanangu, mbona uliandika vile?”

“Sikutaka uitwe, Mama. Wanafunzi wako wangekucheka.”

“Na hizo hadithi nimekusomea lini?”

“Huwa najisomea mwenyewe. Ila naigiza sauti yako.”

Skolastika alivuta kigoda akaketi. “Hebu nisikie.”

Imelda aliweka sahani chini, akaleta kitabu, akakifungua. Alikohoa kidogo, kisha akaanza kwa sauti nzito, ya mtu aliyechoka:

“Haya, ukurasa mmoja tu. Mama ana kazi.”