Kichupa cha Kuazima

"Nijazie kidogo tu," fundi wa magari alimnong'oneza mshonaji nje ya choo, akimtia kichupa kitupu mkononi. "Kama kweli unanipenda."

Hapo kituoni kwa waraibu wa dawa za kulevya, anayerudi kutoka ruhusa ndiye anayepimwa mkojo. Fundi alikuwa ametoka kumzika baba yake, na huko matangani shetani alimpitia. Waliobaki ndani hawakupimwa. Mshonaji alikuwa amebaki ndani.

"Kaka, unakojoa au unachimba kisima?" nesi aliuliza kutoka chumbani kwake.

"Nakuja, dada."

 Fundi akikutwa na dawa mwilini atafukuzwa leo leo. Huko nje nani atamkalisha jioni kama mshonaji, amkazie vifungo vya shati huku akimwambia, "Tulia, baba, hata leo itapita"?

Mshonaji hakuingia chooni. Alikuwa bado anahangaika na kifuniko. Vidole vile, vinavyotunga uzi kwenye sindano bila hata kutazama, vilikuwa vinateleza.

"Usiogope," fundi alisema. "Hawatajua."

Mshonaji alimrudishia kichupa kikiwa bado kimefungwa.

"Ulipoondoka nilijikaza usiku mmoja," alisema, macho yake yakiwa sakafuni. "Wa pili ulinishinda. Kuna mtu hupitisha vidonge kwenye dirisha la jikoni."

Kiti cha nesi kilisikika kikisukumwa nyuma.

"Wangu hautakufaa, mpenzi."