Kuziba Mfereji

Tausi hakungoja kikao cha mji. Asubuhi hiyo alishuka bondeni na jembe lake, akaanza kuuziba mfereji ambao wanaume wa mji waliuchimba kukausha kinamasi, wapate kulima viazi.

Shemeji yake, Kihampa, alimkuta matope yamemfika magotini.

"Shemeji, umerogwa? Viazi vyangu vitaoza!"

"Acha vioze. Vua viatu."

"Kwani nimekuja kuswali hapa?"

"Vua, ukanyage."

Akavua huku akicheka. Alipokanyaga penye nyufa, aliruka na kushika unyayo.

"Mlichoma magugu, mkaona moto umezimika," Tausi alisema. "Haukuzimika, umeshuka chini. Udongo huu wote ni majani ya kale yaliyooza. Ukilowa, umetulia. Ukikauka unatoa hewa chafu, na moto ukiingia humo hautoki. Joto likizidi, nao moto unazidi. Na wanangu wanalala pale, hatua thelathini tu."

"Mvua itauzima."

"Mvua ya lini? Mwaka wa pili huu tunaingoja."

Kihampa alitazama viazi vyake, vimebakiza mwezi mmoja kuvunwa. Kisha akatazama moshi mwembamba uliotoka kwenye ufa na kuelekea nyumbani kwa Tausi. Tausi hakumngoja. Aling'oa bonge jingine la matope, akalisukumiza mferejini.

Maji yakasimama. Yakaanza kurudi nyuma polepole, yakaingia tuta la kwanza la viazi, na udongo ukalia chiii.