Kura ya Kusimama Soni

Dada Nasra, usikate simu, nina mambo mimi! Tumeshuka toka Magamba hadi Pangani kwa pikipiki, watu kumi na wawili, na usukani sijaugusa. Si unajua siku hizi pikipiki za msafara zinajiendesha zenyewe, zinafuatana kama siafu, na hazisimami mpaka zaidi ya nusu yetu tubonyeze ndiyo? Basi raha! Ukungu, kona, mimi napiga kelele tu.

Pale Lushoto Mzee Shekidele akaomba tusimame amsalimie dada yake. Nikabonyeza hapana, tena nacheka: "Mzee, bahari inatungoja!" Wote wakacheka, tukapita.

Soni ikawa zamu yangu. Si nilimwambia mama anisubiri barabarani? Nikamwona kwa mbali, kajifunga kile kitenge cha harusi yako, kashika kapu la pea. Nikabonyeza ndiyo. Nikapiga mayowe, "Jamani, mama yangu yule! Dakika moja tu!"

"Bahari inatungoja, binti!" mmoja akanijibu kwenye helmeti, wakaangua kicheko.

Ndiyo zikatoka mbili: yangu na ya Mzee Shekidele.

Breki naikanyaga, wapi! Mama akakimbia pembeni na kapu lake, pea zinadondoka, anacheka, anadhani namtania.

Kanipigia sasa hivi. Kasema hana kinyongo, ataningoja palepale tukirudi. Nikamjibu, haya mama.

Dada, kura ya njia ya kurudi ilishapigwa asubuhi. Tunarudi mjini kwa Saadani, Soni hatupiti tena, na mimi nilibonyeza ndiyo.