Mnana na Mfumua Viota

Wanyama walikubaliana kumfukuza Tumbili, kijana aliyezoea kufumua viota vya wenzake na kula mayai. Mnana, fundi wa kusuka viota, akaomba, "Niachieni mimi kwanza."

"Umeyachoka mayai yako?" Nyani akamcheka.

Mnana akasuka kiota kitupu, akamwambia Tumbili, "Haya mwanangu, fumua." Kikafumuka mara moja. "Fundo gani lililegea?" Tumbili akamwonyesha, Mnana akalikaza. Wakashindana hivyo mpaka fundo moja likamshinda Tumbili.

"Mjomba, hili umelifungaje?" akauliza, amenuna.

"Shika ukoka huu nikuonyeshe."

Nyani alipokuja kumfukuza, alimkuta Tumbili ameinamia kiota cha Mnana chenye mayai.

"Wewe, ondoka."

"Sawa, babu, ila ningoje nimalize fundo hili. Mayai ya Mjomba yataanguka."

Nyani akakaa, akangoja.