Utepe Mwekundu wa Paani

Utepe mwekundu ulipepea, na Ardith akashusha pumzi.

Alikuwa amelala kifudifudi kwenye roshani ya ghala, ile sakafu ya juu ya kuwekea nyasi, kidevu ukingoni. Chini yake, karibu kiasi cha kuguswa, kulikuwa na paa la trela yao ya kusafiria na kulala, alumini tupu iliyosuguliwa mpaka ikawa kama kioo. Utepe aliufunga mwenyewe kwenye tundu la hewa la paani. Ukipepea, moshi wa friji unatoka. Ukilala, mumewe aliyesinzia humo ndani yumo hatarini.

Friji ilikuwa na umri wa trela yenyewe. Iliendeshwa kwa moto wa gesi, na moto huo ulikuwa na ncha za manjano, dalili ya gesi isiyoungua vizuri, ambazo Ardith hakuzipenda. Kaka yake alifia katika kibanda cha kuvulia samaki juu ya ziwa lililoganda, jiko la gesi likiwaka miguuni pake. Kichwa kilimuuma, akadhani ni mafua, akajilaza.

Leland, mumewe, aliijua hofu hiyo na aliijibu kwa kazi. Mwenye trela wa zamani alikuwa ameyaziba matundu ya friji kwa bati. Leland akayafungua upya, moja chini ukutani, moja paani, kisha akaziba kila ufa kati ya friji na chumba. Moto ulivuta hewa ya nje na kuurudisha moshi nje. Juu ya kitanda akatundika kipimo cha hewa yenye sumu. Wiki nzima trela ikiwa uani, kipimo kilionyesha sifuri.

Adhuhuri hiyo redio ilitangaza mvua kubwa ya mawe, na hakuna mtu Nebraska anayeiacha alumini ya namna ile nje, kwa kuwa ikibonyea hainyooki tena. Wakaisukuma trela ghalani kwa trekta. Leland akasema atalala kidogo humo humo.

Ardith alimsihi azime friji kwanza. Alikataa. Kesho walikuwa wanaondoka kwenda kwenye mkutano wa wenye trela za zamani, na friji ile ilihitaji siku nzima kupoa. Soseji na keki za plamu zilikuwa tayari ndani.

"Mzee, nifanyie hilo moja tu."

"Mama, utaniua kwa hofu kabla gesi haijaniua," alisema Leland. "Haya, panda juu ukalinde utepe wako. Nikikoroma, ujue nipo."

Mawe yakaanza kupiga mabati. Ardith alivuta milango mikubwa ya ghala, akasokomeza magunia chini yake ili maji yasipite, akapanda.

Utepe ulipepea.

Baada ya muda paka alianza kukwaruza mlango mdogo, akilia. Ardith akashuka, akamfungulia. Paka akachomoka na kukimbilia kwenye mawe yale yale. Ardith akamwita mjinga, akaufunga mlango, akaurudia utepe wake.

Safari hii ngazi ilimchosha. Kichwa nacho kilikuwa kikimgonga, na aliyalaumu mabati. Aliogopa jambo moja tu, kwamba angepitiwa na usingizi na utepe ukasimama bila yeye kuona. Akaukazia macho. Ulipepea, imara, kama Leland alivyoahidi. Akaegemeza shavu kwenye ubao, macho yakiwa pale pale.

Mvua ilipokatika, Leland aliamka, mwili mwepesi. Akasoma kipimo: sifuri. Akafungua mlango wa trela, akainua uso kuelekea roshani, akicheka.

"Shuka, mama. Si nilikuambia moshi wote unatoka nje?"

Utepe ulikuwa bado unapepea, ukiugusagusa mkono wa Ardith ulioning'inia kutoka ukingoni.