Mtoro Mwenye Ufunguo

Mbeyu alibonyeza kidole kwenye kioo kwa mara ya nne, na mashine ya mahudhurio ikatoa mlio ule ule wa kukataa.

"Basi, mama," alisema afisa aliyeletwa Msambweni kuwakagua wafanyakazi, kalamu yake tayari juu ya barua ya kumwachisha kazi. "Mashine inasema mwezi mzima hujakanyaga hapa."

"Mwanangu, asubuhi hii ni nani aliyekufungulia mlango?"

"Ni wewe. Lakini mfumo haukutambui."

Mbeyu alikitazama kidole chake. Miaka thelathini ya kusokota kamba za makumbi ya nazi, na kumi na tisa ya kupiga deki ofisi hii, ilikuwa imeilainisha ncha yake kama kokoto. Hapakubaki hata mstari mmoja.

"Kwa hivyo mimi sikuja?"

"Hukuja."

"Na leo pia?"

"Na leo pia, mama. Sheria ni sheria."

"Haya."

Akatoka taratibu, akauvuta mlango nyuma yake, akazungusha mara mbili ule ufunguo ulio mmoja tu. Kwenye benchi la nje, watu waliokuwa wakingoja sahihi tangu alfajiri walimsogezea nafasi. Akaketi, akatoa makumbi mkobani, akaanza kusokota.

Kitasa kikatikisika. Afisa akabandika uso kwenye nondo za dirisha, akaikumbuka salamu aliyoisahau tangu asubuhi.

"Shikamoo, Mama Mbeyu! Nifungulie!"

"Marahaba, mwanangu," alijibu bila kuinua macho. "Mbeyu hayupo. Hata mashine inajua."